Ndani ya kituo cha matibabu ya Ebola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu vituo kama vile vilivyojengwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), Agosti 2018 hadi Juni 2020. Palipo na funzo la ziada kutoka Uganda, Kagera au Rwanda, tumelitaja. Yameandikwa kwa ajili ya mwenye mgonjwa ndani, kwa mhudumu anayeingia zamu kwa mara ya kwanza, na kwa hospitali ya wilaya inayotaka kujiandaa kabla ya simu kulia.

Kwa nini mgonjwa asilazwe hospitali ya kawaida?

Ebola haielei hewani kama surua. Humpata anayegusa damu, matapishi, kinyesi au majimaji mengine ya mgonjwa mwenye dalili, au ya maiti. Sasa tazama wodi ya kawaida: nesi mmoja, vitanda 30, kipimo kimoja cha presha kinachozunguka mkono hadi mkono, na ndugu wanaolala sakafuni wakimwosha mgonjwa wao. Ni mahali pa kugusana tangu asubuhi hadi usiku. Katika mlipuko wa Marburg, ugonjwa ulio jamaa wa Ebola, uliotangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024, karibu asilimia 80 ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Gulu, Uganda, mwaka 2000, Ebola ilimchukua hata Dk. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiongoza mapambano katika hospitali ya Lacor.

Kituo maalumu kina dawa, lakini si dawa zinazokitofautisha kwanza. Kinachokitofautisha ni mwendo: watu, maji, nguo na taka vyote huenda upande mmoja, kutoka kusafi kwenda kuchafu, wala havirudi nyuma. Makosa mengi tutakayoyataja hapa chini ni ya mtu au kitu kilichorudi nyuma.

Kituo kimegawanywaje?

Kuna eneo la kijani na eneo jekundu. Kijani ni stoo, ofisi, chumba cha kubadilishia nguo, jiko na maabara. Jekundu ni kila mahali mgonjwa anapofika. Kati yake hujengwa uzio wa mistari miwili wenye nafasi ya mita 2, ili watu waonane na kuongea bila kugusana. Uzio huo uwe wa kuonekana upande wa pili. Turubai nzito huzaa uvumi, na uvumi ulishachoma vituo: Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019.

Ndani ya eneo jekundu, wanaoshukiwa hukaa mbali na waliothibitishwa. Timu huanza kwa wanaoshukiwa, humalizia kwa waliothibitishwa, kisha hutokea mlango wa pili. Ukiwa upande wa waliothibitishwa ukakumbuka umesahau dawa ya mtu upande wa wanaoshukiwa, usirudi. Unapaza sauti uzioni, timu inayofuata inaichukua.

Karatasi nazo hazitoki. Joto, presha na kiasi cha dripu husomwa kwa sauti, na mwenzako wa upande wa kijani anaandika. Inachosha, na ukiwa na barakoa na mvua inapiga bati, namba huandikwa vibaya. Kwa hiyo anayeandika lazima arudie kila namba kabla hujahama kitanda.

Maji ndiyo yanayokosewa zaidi wakati wa kupanga. Hesabu lita 300 hadi 400 kwa kila mgonjwa kwa siku. Kituo cha vitanda 20 kinahitaji lita 6,000 hadi 8,000 kila siku, pamoja na akiba iwapo gari la maji litakwama. Anayehesabu ya kunywa na kupikia peke yake ataishiwa saa nne asubuhi.

Mgonjwa akifika getini, nini hutokea?

Hapokewi kwa kushikwa. Anakaa kwenye kiti upande wake, muulizaji upande wa pili wa uzio, na joto hupimwa kwa kipimajoto kisichogusa ngozi. Huulizwa siku dalili zilipoanza, kama amemhudumia mgonjwa au kuhudhuria msiba ndani ya siku 21 zilizopita, na ametibiwa wapi kabla ya hapo. Swali hili la mwisho lisirukwe, maana zahanati ndogo na maduka ya dawa yanayochoma sindano zilisambaza ugonjwa sana Beni.

Huingizwa kama mtu anayeshukiwa ikiwa ana homa kali ya ghafla pamoja na dalili tatu au zaidi kati ya hizi: kichwa kuuma, kutapika, kukosa hamu ya kula, kuhara, uchovu mkubwa, maumivu ya tumbo, ya misuli au viungo, shida ya kumeza, shida ya kupumua, kwikwi. Aliyetangamana na mgonjwa huingizwa kwa homa tu. Kutokwa damu kusikoelezeka kunatosha peke yake. Lakini usingoje damu: wagonjwa wengi hawatoki damu kabisa, na anayeingoja humpokea mgonjwa akiwa amechelewa.

Ana malaria tu. Si ataambukizwa humo ndani?

Hofu hii ina msingi, na asiyekiri hivyo hamjibu muulizaji kwa haki. Katika vituo vya zamani wanaoshukiwa walilala chumba kimoja, wenye Ebola na wenye malaria. Siku hizi kila anayeshukiwa anapaswa kuwa na chumba chake, ndoo yake, choo chake na kikombe chake. Ukiona wanaoshukiwa wamewekwa pamoja, una haki ya kuuliza kwa nini. Mhudumu hubadilisha glovu za nje kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Kipimo cha malaria hufanywa siku hiyo hiyo na dawa huanza. Ila malaria kuonekana hakufuti Ebola. Mtu anaweza kuwa na zote mbili.

Kipimo kimesema hana. Kwa nini bado mnamshikilia?

Kwa sababu virusi huchelewa kufika kwenye damu kwa wingi unaoonekana. Damu ikichukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze na jibu likawa hapana, hurudiwa baada ya saa hizo 72 kutimia. Ndiyo maana swali la "dalili zilianza lini" huulizwa mara tatu na watu watatu tofauti. Anayedanganya siku ili atoke mapema hujirefushia kukaa.

Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, hutoa jibu la Ebola ndani ya saa mbili hivi. Lakini katriji yake ya Ebola inatambua aina ya Zaire tu, ile ya mlipuko wa Kivu. Haioni virusi vya Sudan, aina nyingine ya Ebola, vilivyoikumba Uganda Septemba 2022, wala Marburg iliyoua watu 6 kati ya 9 Kagera mwaka 2023. Jibu la hapana la mashine hiyo lisiwafanye mfungue geti. Sampuli ipelekwe maabara ya taifa yenye kipimo cha virusi vingine.

Klorini huchanganywaje?

Kuna nguvu mbili tu. Asilimia 0.5 ni ya sakafu, vyombo, vitanda, uchafu na maiti. Asilimia 0.05 ni ya mikono, pale ambapo hakuna sabuni wala dawa ya mikono yenye spiriti.

Kwa poda ya klorini ya asilimia 70, pima gramu 71 kwa lita 10 za maji upate 0.5. Ikiwa ya asilimia 65, gramu 77. Kwa jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji. Ya asilimia 5, kimoja kwa tisa. Soma chupa kwanza, kwa sababu jiki za dukani hazilingani nguvu. Kupata 0.05, chukua lita 1 ya 0.5 ongeza lita 9 za maji.

Changanyia nje, upepo ukikupa mgongo, kwenye chombo cha plastiki. Poda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, si maji kwenye poda. Acha itulie nusu saa, tumia maji ya juu yaliyo safi. Ukichota na mashapo ya chini, pampu ya mgongoni itaziba katikati ya kazi. Weka kivulini, funika, andika nguvu na saa kwa kalamu isiyofutika. Tengeneza mpya kila siku, kwani jua na joto huidhoofisha huku harufu ikibaki pale pale. Kunusa si kupima.

Klorini hushindwa na uchafu. Ukiimwaga juu ya dimbwi la matapishi, huishia kwenye matapishi. Funika kwanza kwa kitambaa kinachonyonya, mwagia 0.5, subiri dakika 15, zoa, osha kwa sabuni, kisha pitisha klorini tena na uiache sehemu hiyo ikiwa na unyevu dakika 10. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayochoma mapafu.

Na msimnyunyizie mtu klorini, awe mgonjwa au mhudumu. Inaumiza macho na kifua, na haizidi kuosha kwa sabuni. Desturi hii ilizoeleka Afrika Magharibi mwaka 2014 na bado ni ngumu kuwatoa watu humo.

Mavazi ya kinga huvaliwa na kuvuliwaje?

Kuvaa ni rahisi, na huvaliwa wawili wawili mbele ya kioo: nguo za kazi, gambuti, glovu za ndani, ovaroli isiyopitisha maji, barakoa, miwani, kofia ya kufunika shingo, aproni, glovu za nje. Jina na saa ya kuingia huandikwa kwenye aproni. Jina linamsaidia mgonjwa, ambaye hajaona uso wa mtu tangu juzi. Saa inakusaidia wewe: kwa joto la mchana, dakika 45 hadi 60 zinatosha. Ukianza kuona ukungu kwenye miwani na moyo kwenda mbio, toka, hata kama dripu haijaisha. Mwenzako anatoka nawe. Hakuna anayebaki peke yake.

Hatari iko kwenye kuvua. Umechoka, una kiu, na uso unawasha. Kuvua huchukua dakika 15 hadi 20, mbele ya msimamizi anayesoma kila hatua kwa sauti. Hufanyi hatua ambayo hajaisoma, hata kama umeifanya mara mia. Unaosha mikono iliyo na glovu kabla ya kila kitu: aproni kwanza, ukiinama mbele, kisha kofia, kisha ovaroli, ukiikunja ndani-nje kuanzia mabegani hadi kwenye gambuti pamoja na glovu za nje. Miwani inashikwa mkanda wa nyuma, macho yamefumbwa. Barakoa vivyo hivyo, kamba ya chini halafu ya juu. Gambuti huoshwa, unavuka mstari. Glovu za ndani mwisho, kisha mikono mitupu.

Makosa matatu hurudi kila mara: kushika mbele ya miwani, kutikisa ovaroli ili itoke haraka, na kupandisha miwani iliyoteleza ukiwa bado ndani. La tatu dawa yake ni moja, kufunga vizuri kabla ya kuingia. Glovu ikichanika au sindano ikikuchoma, kazi inakoma papo hapo, unatoka kwa njia ya kawaida bila kukimbia, unaosha, unaripoti. Anayeficha kuchomwa hujinyima dawa ya kinga ambayo ingetolewa siku hiyo hiyo.

Kuna dawa, au mnawawekea maji tu?

Zipo mbili kwa aina ya Zaire, na zilithibitishwa humo humo Kivu. Jaribio lililoanza Novemba 2018 katika vituo vinne tulivyovitaja mwanzoni, likiongozwa kwa upande wa Kongo na Prof. Jean-Jacques Muyembe wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, lilisimamishwa mapema Agosti 2019 kwa kuwa tofauti ilikuwa wazi. Kati ya waliopewa mAb114, inayouzwa kama Ebanga, walifariki takriban asilimia 35. Kwa REGN-EB3, yaani Inmazeb, takriban asilimia 34. Dawa nyingine mbili zilikuwa karibu na asilimia 50. Ebanga chimbuko lake ni damu ya mtu aliyepona mlipuko wa Kikwit wa 1995.

Namba inayostahili kubandikwa kila ukuta wa kanisa na msikiti ni nyingine: kwa walioanza dawa wakiwa bado na virusi vichache, vifo vilishuka hadi kama asilimia 10. Kituo kile kile, dawa ile ile. Aliyefika siku ya pili na aliyefika siku ya saba hawako katika ugonjwa mmoja.

Hutolewa mara moja kwa dripu: Ebanga miligramu 50 kwa kilo ya uzito, Inmazeb miligramu 150. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 3 au gramu 9. Pima uzito kwa mizani, usikisie. Dawa hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo jenereta ni sehemu ya tiba. Hazifanyi kazi kwa virusi vya Sudan wala Marburg.

"Maji tu" nayo yasidharauliwe. Mgonjwa anaweza kupoteza lita 5 au zaidi kwa siku kwa kuhara na kutapika, na potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji, huondoka nayo. Moyo husimama kabla ya virusi kumaliza kazi. Kwa hiyo ORS (maji ya chumvi na sukari) kwa anayeweza kunywa, Ringer's lactate (maji yenye chumvi za mwili) kwa dripu, chumvi za damu kupimwa kila siku kwa mashine ndogo ya kando ya kitanda, sukari, dawa ya malaria, antibiotiki na ya maumivu. ORS ikiwekwa mezani tu haitoshi. Mgonjwa amelegea, lazima mtu akae amnyweshe kikombe kwa kikombe. Rwanda, Marburg iliua 15 kati ya 66, uwiano mdogo sana kwa ugonjwa huo, na wawili waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia walitolewa wakiwa hai. Ilisaidiwa na wagonjwa kugunduliwa mapema na huduma ya mahututi isiyokatika.

Naweza kumwona mgonjwa wangu?

Ndiyo, na udai. Uzioni, kwa mita 2, na kwa simu inayobaki ndani. Beni na Butembo vilitumika pia vyumba vya plastiki angavu vyenye glovu zilizoshonwa ukutani, ambapo muuguzi anamhudumia mgonjwa akiwa nje bila ovaroli na ndugu anakaa kando akimwona uso kwa uso. Chakula cha nyumbani huweza kupokelewa. Vyombo havirudi, basi leteni vya kutupa.

Mtoto wa mama aliyelazwa anatunzwa na nani?

Mtoto asiye na ugonjwa hatakiwi kunyonya wala kubaki na mama mgonjwa. Kivu, kazi hiyo walipewa waliopona: wana kinga, basi waliweza kuwabeba watoto ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuwagusa. Mtoto hufuatiliwa siku 21.

Akifariki, tutamzika sisi?

Familia inamzika, timu inashika mwili. Maiti ina virusi vingi kuliko mgonjwa aliye hai, kwa hiyo kuosha mwili ndiko hasa kunakokatazwa. Kabla mfuko haujafungwa, ndugu mmoja au wawili wanauona uso kwa mbali. Mkinyimwa hilo, msiondoke kimya, maana ndipo maneno ya "wamezika jeneza tupu" huanzia. Kwa Waislamu, tayamamu hufanywa na mtu aliyevaa kinga, na sanda huwekwa. Kwa Wakristo, sala na nguo aliyoipenda huwekwa ndani. Kaburi linachimbwa na vijana wa kwenu, na jina linaandikwa.

Anaruhusiwa lini, na aangalie nini nyumbani?

Dalili ziishe na vipimo viwili vya damu vioneshe hapana, vikiachana saa 48 au zaidi. Anaoga, anavaa nguo mpya, anapewa cheti. Godoro na nguo alizoingia nazo zilishachomwa, na kituo kizuri humpa badala yake.

Macho yakiuma au kuona ukungu, arudi siku hiyo hiyo. Uvimbe ndani ya jicho hupofusha usipotibiwa. Kwa mwanamume, virusi hukaa kwenye manii miezi mingi. Hupimwa kuanzia mwezi wa tatu, kila mwezi, mpaka apate majibu mawili ya hapana mfululizo. Hadi hapo atumie kondomu. Kumkumbatia, kula naye na kufanya naye kazi hakuna hatari.

Chanjo je?

Ervebo, dozi moja, kwa aina ya Zaire. Hupewa waliotangamana na mgonjwa, waliotangamana na hao, na wahudumu. Zaidi ya watu 300,000 waliipata katika mlipuko wa Kivu. Inahitaji siku kama 10 kujenga kinga, kwa hiyo aliyechanjwa leo hajaruhusiwa kuvua glovu kesho.

Hospitali yetu ya wilaya haina kituo. Tukishuku mgonjwa usiku huu, tuanze na nini?

Chumba kimoja chenye mlango na choo, au ndoo yenye mfuniko. Wahudumu wawili tu kwa zamu, majina yaandikwe. Meza ya kuvalia mlango mmoja, sehemu ya kuvulia mlango mwingine; kama mlango ni mmoja, chora mstari sakafuni kwa rangi. Ndoo za 0.5 na 0.05 zenye maandishi. Hakuna sindano isiyo ya lazima. Simu kwa mganga mkuu wa wilaya kabla ya kutoa damu, siyo baada, kwa sababu sampuli inahitaji vifungashio vitatu na mtu aliyefunzwa. Orodha ya wote waliomgusa tangu getini, pamoja na dereva wa bodaboda aliyemleta.

Kituo hufungwa lini?

Mlipuko hutangazwa kwisha siku 42 baada ya mgonjwa wa mwisho kupata jibu lake la pili la hapana, au kuzikwa. Ni siku 21 mara mbili. Baada ya hapo ufuatiliaji mkali huendelea siku 90, kliniki ya waliopona haifungwi, na angalau vyumba viwili vya kutenga vibaki na mavazi na klorini ndani. Mlipuko wa Kivu ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena Butembo, watu 12 wakaugua na 6 wakafa, na vinasaba vya virusi vikaonesha ni vile vile vya mlipuko uliotangulia.